Sentimita Nane za Mdogo Wangu

Wateja wangu wakisimama mbele ya kioo na kujishika tumbo huniuliza, "Mama fundi, eti hii yoga inapunguza?" Huwa nawaambia wanyooshe mikono nipime kifua. Jibu ninalo, tena kwa sentimita, ila nimelipata kwa kumpoteza ndugu, na sitaki kuligawa hovyo kwa mtu aliyekuja kupunguziwa gauni.

Mdogo wangu ni msusi. Tumbo moja, baba mmoja, wote wazaliwa wa Bukavu na wote wanene. Mimi nilitangulia Johannesburg, nikamvuta. Nina chumba cha kushonea Jeppestown, cherehani mbili na kioo. Yeye anasuka saluni moja karibu na Joubert Park na anaishi mtaa huo huo, ghorofa ya sita, jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani na hakuna anayeililia tena. Jumamosi asubuhi, kabla saluni haijajaa, alikuwa anakuja kwangu. Tunanunua magwinya, maandazi ya huku, ya moto kutoka kiduka cha spaza pale mtaani, yanachuruzika mafuta, tunakula na chai ya maziwa huku tukiwasengenya wembamba. Mnene akiwa peke yake watu wanamcheka. Mkiwa wawili, na ni ndugu, wanasema ndivyo mlivyoumbwa, wanawaacha. Hizo Jumamosi nilizipenda kuliko kanisa, Mungu anisamehe.

Halafu nesi wa kliniki akamwambia sukari iko mlangoni inapiga hodi. Akamwambia kilo asihangaike nazo sana, aangalie kiuno. Alimpima akakuta mia na kumi na nne. Arudi baada ya miezi sita. Kiuno kikiwa kimeshuka, vizuri, kama bado ataanza vidonge. Mama yetu alianza na vidonge hivyo hivyo. Alimaliza bila mguu mmoja, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa anamwosha kile kigutu, mimi nikiwa huku natuma salamu. Kwa hiyo aliogopa. Sijawahi kumwona anaogopa vile.

Mteja wake mmoja, Mkenya wa benki, mwembamba kama pini, akamwambia aende mtaa wa Observatory. Kuna ukumbi, wanakutana watu wachache, yeye Mkenya ndiye anayewafundisha yoga. Lini? Jumamosi asubuhi. Jumamosi yangu!

Nilianza na dini. Nikamwambia hayo ni mapepo ya watu, ukijikunja unamfungulia shetani dirisha. Akasema, "Yaya, napumua tu." Yaya ni dada mkubwa, ndivyo tunavyosema kwetu. Nikaona dini haisaidii, nikahamia kwenye kicheko. Siku moja akaniomba nimtazame, akashika sakafu kwa mikono na miguu, matako juu, katikati ya chumba changu, wateja wawili wakishuhudia. Nikachukua kitenge cha watu nikamtandika mgongoni. "Jamani, tazameni," nikasema, "nimepata meza ya kukatia nguo." Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mdogo wangu naye alicheka, ila kitenge alikikunja taratibu sana kabla ya kunirudishia.

Mwezi wa kwanza ulipoisha akaja kupimwa. "Mizani ya duka la dawa inanichezea," alisema. "Leo kilo imepungua, kesho imerudi. Lakini wewe, yaya, futi yako haidanganyi."

Na ni kweli, haidanganyi. Wakongo, Warundi, hata Watanzania wagumu, wote wanajua nikisema tisini ni tisini. Nikamzungushia futi. Alikuwa amefumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Mia na kumi na mbili. Niliiona vizuri, taa ilikuwa inawaka.

"Mia na kumi na nne," nikasema.

Ningependa kusema liliniponyoka. Halikuniponyoka. Kichwani nilimwona akiondoka, akiwa mmoja wa wale wanaobeba kimkeka mgongoni na chupa ya maji mkononi, na mimi nimebaki na magwinya yangu peke yangu. Nikasema mia na kumi na nne kwa sauti ile ile ninayotumia siku zote.

Mwezi wa pili mia na kumi. Nikasema ile ile. Mwezi wa tatu mia na nane. Ile ile. Yeye ananisimulia kwamba siku hizi analala vizuri, mgongo hauumi akisuka, na juzi amepanda ghorofa zote sita amebeba mfuko wa unga bila kusimama hata mara moja. "Ngazi zimekuzoea," nikamwambia.

Ikabaki shida ya sketi. Akaanza kulalamika kwamba zinamzunguka kiunoni. Eish, roho ilinipaa. Nikamwambia ni kitenge kimelegea kwa kufuliwa, aniachie nizirekebishe. Akaniachia tatu. Nilizifumua mishono ya ubavuni nikazibana kulia na kushoto, nikapiga pasi mpaka usingejua. Haki ya Mungu, hata gauni la bibi harusi sijawahi kulishona kwa uangalifu ule. Wiki iliyofuata sketi ikamng'ata kiunoni kama zamani, akaacha kulalamika.

Mwezi wa nne futi ilikuja mia na sita. Nilitaka kuipima tena, maana hata mimi sikuamini. Sentimita nane, kwa kujikunja na kupumua! Nikasema, "Mia na kumi na nne."

Akakaa kwenye kigoda. "Hata moja?"

"Hata moja. Mwili wetu ndio huu, mdogo wangu. Tumezaliwa nao."

Nikaenda spaza mwenyewe. Alikula magwinya manne, machozi yanateremka huku anatafuna. Na mimi nilifurahi. Nikificha hilo, haya mengine yote hayana maana ya kusimulia. Nilimmiminia chai nikaongeza sukari, vijiko vitatu, kama alivyokuwa anapenda.

Akaacha yoga. Miezi sita ilipotimia hakwenda kliniki. "Nikasikie nini?" alisema. Jumamosi zangu zikarudi, na mwili wake ukarudi, ukaongeza na faida, mpaka sketi zile tatu zikagoma kabisa kufunga zipu. Akazileta. Siku hiyo nilikuwa na sare za kwaya nzima, nimezama kwenye kola. Akaniambia, "Endelea na kazi yako, yaya. Nipe wembe, nitafumua mwenyewe."

Ningesema nini? Mtu anayefumua rasta siku nzima, vidole vyake vinajua nyuzi kuliko macho yangu. Nikampa wembe. Nikaendelea kukanyaga cherehani, nashona kola upande upande.

Nikasikia ametulia. Nilipogeuka alikuwa ameilaza sketi mapajani, mshono umefunguka. Kitambaa kinachofichwa ndani ya mshono hakioni jua, hubaki na rangi yake kama siku kilipotoka dukani. Hiki kilikuwa kimepauka, sawasawa na cha nje. Kisha mstari wa vitundu vya sindano, vya mshono wa zamani. Rangi mpya ilianzia nyuma ya vitundu hivyo.

"Yaya," akasema, "jua limeingiaje huku ndani?"

Akafungua ubavu wa pili. Akachukua sketi ya pili, kisha ya tatu, bila haraka. Zote zilikuwa hivyo hivyo. Cherehani ilikuwa imenyamaza, na mimi mguu bado uko kwenye pedali.

"Nilifika ngapi?"

"Mia na sita."

Basi, alitabasamu. Ndilo jambo ninaloota. Uso wake ulifunguka kama mtu aliyepigiwa simu kutoka Bukavu akaambiwa fulani amepona. "Kumbe ilikuwa inafanya kazi," akasema polepole. "Kumbe nilikuwa naweza." Lile tabasamu likakaa pale kidogo, halafu likakosa pa kwenda.

Akasimama, akaitoa futi shingoni mwangu, akajipima mwenyewe mbele ya kioo. Mia na kumi na tisa. Alinionyesha kidole kilipofika ili nisome vizuri. Kisha akaiviringisha futi akaiweka mezani, akakunja sketi zake, akaondoka. Hakunitukana. Laiti angenitukana, mimi matusi nayajua, ningemjibu tukamaliza.

Simu hakupokea tena. Kwa watu wa saluni nikasikia amekwenda kliniki, ameanza vidonge, na miguu inamfa ganzi akisimama kusuka. Kwa ndugu hakumwambia mtu, kwa hiyo wananiuliza mimi mdogo wako vipi, nami nasema yupo.

Nikakaa wiki kadhaa. Nikaona niende nimwombe msamaha, na siendi mikono mitupu. Nikamshonea sketi, kitenge kizuri cha bluu, mshono mmoja tu, hakuna kilichofichwa ndani. Unaona akili yangu? Niliishona kwa mia na kumi na tisa. Nilijisifu njiani kwamba safari hii nimetumia kipimo cha kweli.

Ghorofa ya kwanza nilipanda vizuri. Ya pili nikashika chuma. Ya tatu nikakaa kwenye ngazi, watoto wa jengo wananiruka. Pale ndipo nilipoelewa alichokuwa ananiambia kuhusu ule mfuko wa unga. Nilifika ya sita natoa jasho mpaka kwenye viwiko, nikagonga mlango, nikaegemea ukuta. Nilitaka kusema ni mimi, pumzi ikakataa. Ikawa natweta tu, kwa sauti, kama alivyokuwa anatweta yeye zamani.

Nikasikia kandambili zake. Chini ya mlango nikaona kivuli cha miguu yake miwili kimesimama. Ufunguo haukuzungushwa. Alinisikiliza nikihangaika na pumzi yangu, muda mrefu, hakuharakisha.

"Pumzika kwanza, yaya," akasema kutoka ndani. "Halafu ushuke."