Mara Saba, Moja kwa Udongo

Mie nilikuwa boi wa ndani huko Uzunguni, na kama kuna kitu nakijua hapa duniani ni mkojo wa mbwa. Memsabu wangu alikuwa na mbwa mzee, mweupe, jicho moja limeingia ukungu, na nguvu za kujizuia zilikuwa zimemwisha. Kila asubuhi nilikuta doa kwenye zulia. Memsabu akanifundisha: usisugue, maana ukisugua unaushindilia ndani. Kandamiza kitambaa mpaka kinywe chote, mwaga siki yenye maji, nyunyiza magadi, ngoja yakauke, kisha piga brashi. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini somo hilo nililishika sawasawa. Nikaanza hata kuota. Nitatia dawa yangu kwenye chupa, nibandike picha ya mbwa anayecheka, niuze Uzunguni nzima, kisha nijenge nyumba.

Masika ya mwaka jana bwana akaambiwa arudi kwao. Memsabu akasema mbwa hawezi safari, atapelekwa kwa bwana mifugo akauawe. Wakati anasema hivyo mbwa alikuwa ameulalia mguu wangu. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Nipe mie, memsabu."

Nilikuwa nimepanga chumba Temeke, kwa bibi mmoja mjane, Mwislamu wa pwani hii hii. Mie mtu wa bara na Mkristo, lakini mwezi wa Ramadhani alikuwa akinitengea bakuli la futari kama mjukuu wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na huyo?"

"Mgeni wangu."

"Mgeni wako ana mkia." Akamtazama kwa muda. "Akae uani. Mlango huu asiuvuke. Mie mtu wa sala, mwanangu."

Nikaahidi. Nikamjengea kibanda cha makuti karibu na jiko, nikatandika gunia. Lakini mbwa aliyezeekea ndani ya nyumba ataelewaje habari za uani? Siku ya tatu mvua ikapiga mchana kutwa, nami nilikuwa nimekwenda kutafuta kazi. Niliporudi nilimkuta ukumbini, amelala juu ya mkeka wa kusalia wa bibi, na pembeni yake dimbwi limesambaa kwenye sakafu.

Mkeka ule bibi aliushona mwenyewe alipokaa eda ya mumewe, ukindu wa rangi nyekundu na kijani. Na sakafu ile ya saruji aliipiga marehemu kwa mikono yake. Bibi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake.

"Bibi, usihofu," nikamwambia. "Hii ndiyo kazi yangu."

Nikaleta chupa yangu ya siki. Nikakandamiza, nikamwaga, nikanyunyiza magadi, povu likapanda. Fundi cherehani wa chumba cha mbele akatoka kuangalia.

"Daktari wa mikojo huyo!" akasema.

"Cheka tu. Nikitajirika utanishonea suti."

Yalipokauka nikapiga brashi, nikainama nikanusa. Hakuna kitu. Nikamwita bibi kwa furaha. "Njoo unuse mwenyewe."

"Pananukia achari," akasema. "Lakini bado hapajatahirika."

"Harufu si imetoka, bibi?"

"Nani kakwambia habari ya harufu?"

Ndipo akanieleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Najisi ya mbwa huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo maji yachanganywe na udongo. Nikadhani sikusikia vizuri. Udongo? Maisha yangu yote ya uboi nimelipwa kutoa udongo sakafuni! Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. Mie nikaenda nyuma ya choo, nikachimba udongo safi, nikakoroga kwenye ndoo, nikaumwaga juu ya sakafu niliyoing'arisha. Kisha maji, mara sita. Mkeka nao vilevile. Maji ya mkeka yalitoka mekundu.

Baada ya hapo mbwa aliingia tena, na tena. Nilimfunga kamba, akalia mpaka majirani wakagomba. Nikafunga mlango wa uani, mpangaji mmoja akausahau wazi. Kila mara nilikwenda bombani na debe, nikapanga foleni, nikarudi, nikahesabu. Moja ya udongo. Pili. Tatu. Ile nyekundu ya mkeka ikawa kama ya ufizi, kijani kikawa hakijulikani. Sikuwa na kazi, na chupa zangu zenye picha nilikuwa siziwazii tena. Bibi hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenigombeza.

Kumbe siku zote hizo alikuwa akisali kwa jirani. Aliyeniambia ni fundi, na safari hii hakucheka. "Bibi wa watu anavuka tope mara tano kwa siku, na nyumba anayo."

Nikazunguka kwa kila mtu niliyemjua, Temeke mpaka Kinondoni. Mmoja akasema, "Angekuwa kijana ningemchukua alinde." Hakuwa kijana.

Asubuhi moja nikampeleka mwenyewe kwa bwana mifugo. Tulikwenda polepole, akinusa kila mti. Msaidizi akashika kamba.

"Ana kichaa?"

"Hapana."

"Kauma mtu?"

"Hapana. Anakojoa tu."

Akaniangalia, akaandika. Mbwa akafuatana naye bila shida, maana alikuwa hamkatalii mtu.

Niliporudi nikachukua ndoo. Nikamwaga ya udongo, nikasugua. Pili, tatu, nne, tano, sita. Kisha nikakaa chini pale pale penye maji, ndoo mapajani. Bibi akatoka chumbani na mkeka wake mkononi, akaniona, akasimama.

"Bado moja, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua, bibi."

Hakunihimiza. Adhana ya alasiri ikaanza, naye bado amesimama tu. Nikanyanyuka, nikamwaga. Maji yakapita ukumbini, yakateremka uani, yakapita chini ya kibanda cha makuti.

Sakafu ilipokauka nikainama nikanusa, mazoea tu. Nikapiga magoti, nikanusa tena, pale pembeni alipopenda kulala. Hapakuwa na kitu. Kazi nilikuwa nimeifanya vizuri kabisa.