Karatasi Ambayo Mkwe Hakuonyeshwa

Inasemwa mtaani kwamba Bi Futi alikatwa titi kwa siri, akarudi kazini kidonda kikiwa kibichi, na kwamba familia ilimficha ili binti yake aolewe. Si kweli. Aliyekatwa ni dada yake mkubwa, hospitalini, mchana kweupe, na wala hakumwibia mtu kitu. Kwa kuwa maneno yamekwisha kuvuka mitaa mitatu, acha yasemwe kama yalivyokuwa, na yasemwe mara moja.

Bi Futi ni fundi cherehani. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwake. Hata msibani aliwahi kukaa nayo mpaka mtu akamnong'oneza. Chumba chake cha kazi kina cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme inayogoma ikijisikia, pazia la kujaribia nguo, na kioo kirefu chenye ufa. Sanamu ya kuvalishia nguo hana. Kwa miaka ishirini na miwili sanamu amekuwa yeye mwenyewe: nguo ikikaribia umbo lake, anaivaa, anasimama mbele ya kioo, anachomeka pini.

Dada yake alipotoka hospitali, sidiria za dukani zilimkataa. Upande mmoja ulijaa, wa pili ulilegea kama soksi isiyo na mguu. Bi Futi akakata sponji, akaishona ndani, akaongeza kifuko cha mchanga mkavu ili uzito ulingane na bega lisivutwe. Kisha akafanya kama anavyofanya siku zote. Wawili hao umbo lao ni moja tangu usichana, kwa hiyo alivua blauzi, akajifunga kitambaa cheupe upande wa kushoto mpaka pakawa bapa, akaanza kujipimia kazi yake.

Ndipo pazia likafunguliwa. Alikuwa mteja mmoja anayeitwa Mama Redio, na jina hilo halihitaji maelezo. Hakuuliza. Alisema, "Pole, fundi," akarudisha pazia taratibu kama anayefunika maiti, akaondoka bila gauni alilolifuata. Bi Futi alikuwa na pini mdomoni. Alidhani anapewa pole ya kazi.

Wiki ile ile mambo yakabadilika. Wateja walimsalimu wakitazama kifua. Mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijashonwa, akisema amekumbuka kuwa ana binamu fundi. Mwingine alimletea machungwa. Bi Futi hakuugua hata mafua. Machungwa ya nini?

Akaanza kuwatilia watu shaka, na shaka yake ikatua kwa wifi yake, mjane wa kaka yake, mwalimu mstaafu. Huyo ndiye aliyekuwa naye hospitalini siku nesi aliposema, "Ninyi ndugu wa damu, njooni mpimwe. Msisubiri uvimbe." Wifi aliitikia palepale. Bi Futi alisema atakwenda baada ya harusi. Binti yake alikuwa amechumbiwa na fundi umeme, zimebaki wiki sita, na kuonekana kwenye benchi la kliniki ile ni sawa na kujitangaza. Mama yao mdogo alimuunga mkono kwa nguvu zote: "Ugonjwa ni kama mgeni, ukimwita anakuja. Oza kwanza, mwanangu."

Basi ukimtoa mama mdogo, ambaye hataki ugonjwa hata utajwe, nani mwingine aliyejua habari za kupimwa? Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa siku nne Bi Futi hakupokea simu ya wifi yake.

Siku ya tano akaja mama wa mchumba. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba magotini.

"Mkwe, nimekuja kupimwa gauni la harusi."

"Nilishakupima mwezi uliopita, mkwe."

"Ndiyo. Lakini mtu hunenepa." Akatazama pazia, akatazama kioo, akatazama kifua. "Nitasema wazi. Kuna aliyekuona nyuma ya hilo pazia umefungwa bandeji."

Bi Futi akasimama. Ndipo siku ile ikamrudia yote: pini, pazia, pole. Akacheka mpaka cherehani ikatikisika, akaeleza habari ya sidiria ya dada yake, akashika kifungo cha blauzi.

"Nikuonyeshe? Yote mawili yapo."

"Titi linaweza kuwepo na ugonjwa ukawepo," alisema mkwe. "Dada yako hakuwa nalo? Sisi tunaoa ukoo, hatuoi gauni. Tunataka karatasi ya daktari. Kijana hajui nimekuja, na tubaki hivyo."

Kicheko kikakauka. Mkwe alipoondoka, Bi Futi aliapa kwamba sasa ndiyo hatakwenda, si kabla ya harusi wala baada yake. Apimwe kama mbuzi wa mnadani?

Jioni alipeleka sidiria kwa dada yake. Dada aliivaa, akainua mikono, akajigeuza, akaridhika. Kisha akasikiliza kisa chote bila kukatiza.

"Mwezi uliopita hukwenda kwa sababu mama mdogo kasema," alisema. "Leo huendi kwa sababu mkwe kasema. Huo mwili ni wako au wa kamati?"

"Dada, maneno ya watu..."

"Mimi nilikaa na kivimbe miezi minane nikiogopa watu watasema. Unajua walisema nini? Hakuna. Walisubiri nikatwe, ndipo wakasema. Na huyo wifi yako unayemnunia, kapimwa Jumatatu ingawa si damu yetu, ili wewe uone aibu. Alikupigia akuambie, hukupokea."

Bi Futi aliona aibu hiyo, lakini hakuisema. Alimpigia wifi yake, wakazungumza habari za bei ya uzi kwa muda mrefu. Wanaofahamiana huombana radhi hivyo.

Alhamisi alikwenda na binti yake. Benchi lilikuwa na wanawake saba, kila mmoja akisoma ukuta. Aliyekaa jirani yake alikuwa amejitanda mtandio mpaka puani, ila Bi Futi alitazama chini akaona pindo la gauni: mshono wake mwenyewe.

"Fundi," mtandio ukanong'ona, "hujaniona."

"Nikuone vipi? Mimi mwenyewe sipo."

Wakacheka kwa mabega, kisha kila mmoja akarudi kwenye ukuta wake, akijiuliza mwenzake ataanza kusema lini. Bi Futi alipigwa picha ya matiti. Binti alionyeshwa namna ya kujichunguza, akaandikiwa umri wa kuanza kupimwa yeye. Majibu yalitoka baada ya siku tisa.

Mkwe alirudi siku ya kumi. Nani alimwambia siku? Hilo halijajulikana mpaka leo.

"Karatasi imetoka?"

"Imetoka. Huioni."

"Kwa hiyo ni mbaya."

"Sikusema mbaya wala nzuri. Nikikuonyesha leo, mwaka kesho utataka nyingine, kisha ya binti yangu, kisha ya mjukuu kabla hajaota meno. Mwanangu haolewi kwa cheti cha daktari. Kama hamtaki, semeni leo, nimfungulie mtu mwingine hiyo tarehe, nina kazi." Akachukua mkasi. "Na marehemu mama yako, mkwe, alikufa na nini?"

"Tumbo."

"Tumbo gani?"

Mkwe alitazama mlango. Kisha akaweka mkoba chini, akasimama, akainua mikono pembeni kama mtu anayepimwa. "Kifua usikibane sana," alisema. "Nitacheza siku hiyo."

Alicheza. Harusi ilifanyika tarehe ileile, na Mama Redio alikula sahani mbili.

Majibu ya Bi Futi anayajua Bi Futi, binti yake, dada yake na wifi yake. Mkwe hakuonyeshwa, na wewe uliyefika mpaka hapa ukitumaini kudokezewa hutadokezewa. Sisemi zaidi.