Ukungu Bafuni kwa Leokadia

Leokadia alikuwa mwanamke msafi, na kila Mtanzania wa Greenbelt, kule Maryland, Marekani, alikuwa ameshaambiwa hivyo, tena aliyewaambia ni Leokadia mwenyewe. Sufuria zake zilisuguliwa nje sawasawa na ndani. Mgeni akiweka kikombe mezani, kilikuwa kimeshaoshwa kabla hajameza funda la mwisho. Siku tano kwa wiki alipika katika kituo cha kulea watoto, na huko hata mkuu wa kituo alivua viatu akitaka kuingia jikoni. Kwa hiyo aliyetaka kumkomoa hakuhitaji maneno mengi. Angeomba tu kwenda bafuni.

Bafu la Leokadia lilikuwa limeota ukungu. Vigae vyenyewe vilikuwa vyeupe, vinang'aa, lakini mistari ya saruji kati ya kigae na kigae ilikuwa imeingia weusi, ambao ulianzia kwenye kona chini ya bomba la mvua ukapanda ukutani hadi usawa wa kichwa. Miaka miwili alipigana nao. Kila jioni akitoka kazini alijifunga khanga kiunoni, akamwaga ndoo nzima ya maji ya sabuni ukutani, akapiga deki mpaka jasho limtoke. Kisha alifunga mlango barabara, maana kwao Bukoba alilelewa akijua kwamba mlango wa bafu ukiachwa wazi ni aibu ya mwenye nyumba. Feni ya darini hakuiwasha kamwe. Ilinguruma, na yeye hakuona haja ya feni mahali pasipo na joto. Asubuhi weusi ulikuwa palepale, tena una afya njema.

Mtu anaweza kuishi na siri kama hiyo, mradi wageni wawe wachache. Lakini mwezi wa nne mwaka 1998 Edna alikuwa anaolewa. Edna alikuwa binti wa kaka yake, na Leokadia ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa. Bwana harusi alikuwa Kamande, kijana wa Kikenya wa kule Germantown. Kitchen party ingefanyika Jumamosi nyumbani kwa Leokadia: wanawake ishirini na tano, bafu moja. Na kwa kuwa kwao shangazi ndiye humfunda bibi harusi, wanakamati walimpangia mada ya kumfundisha mwali mbele ya watu. Mada ilikuwa usafi wa nyumba.

Hayo yote angeyamudu. Kilichomkaa rohoni ni Mama Kamande. Miezi minane ilikuwa imepita tangu posa, na mama huyo hakuwa amewakaribisha kwake hata mara moja. Leokadia akigusia kwenda kumsalimu, aliambiwa wakutane kanisani, au mgahawani, au wangoje kwanza nyumba ikarabatiwe. Leokadia alishajipa jibu: yule mama ametuona si watu wa hadhi yake, hamtaki mtoto wangu. Sasa atakuja, ataingia bafuni, na sababu aliyokuwa anaitafuta ataikuta ukutani.

"Shangazi, relax," Edna alimwambia. "People hawaji kukagua bafu."

"Hujui wakwe wewe," Leokadia alijibu. "Mkwe haingii bafuni kwa haja moja tu."

Jumatatu alinunua stilwaya ya kusugulia sufuria, chupa ya siki, na chupa ya ile dawa ya kung'arishia nguo ambayo hadi Marekani aliendelea kuiita jiki. Alikuwa ameinama juu ya ndoo, siki mkono huu na jiki mkono ule, Mwita alipoingia na viti vya kuazima vya sherehe. Mwita alikuwa mtu wa Tarime, fundi wa vigae, na hakuwa na kawaida ya kubembeleza.

"Dada, weka chini hizo chupa," alisema. "Siki na jiki havichanganywi. Vinatoa hewa ya sumu. Tungekuzika wewe kabla ya kumwoza Edna."

Leokadia aliziweka chini. Mwita akaukagua ukuta, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja, akacheka. Leokadia hakukipenda kicheko kile hata kidogo.

"Unamwaga maji humu?"

"Kila siku ya Mungu."

"Na mlango?"

"Naufunga. Mimi si mshenzi."

"Na feni?"

Leokadia alianza kupanga chupa zake sakafuni.

"Basi ukungu huu unaufuga mwenyewe, dada yangu. Chakula chake ni unyevu. Nyumbani ukimwaga maji, jua linaingia, upepo unapita, baada ya saa moja pamekauka. Hapa dirisha liko wapi?"

Leokadia alizungusha macho ukutani akilitafuta dirisha ambalo alijua fika halipo. Halafu akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Kwanza aliona aibu, kisha akapata hasira, lakini hasira ilikosa wa kumwangukia. Miaka miwili mgongo unamuuma, na kila jioni alikuwa anaupa ukungu chakula cha usiku kwa mikono yake. Mwishowe alicheka, akacheka mpaka Edna akaja kuchungulia kuna nini.

Stilwaya ilitupwa, kwa sababu Mwita alisema inachubua saruji, na saruji ikichubuka ukungu unapata vyumba zaidi. Jumanne Leokadia alikoroga magadi ya kuokea kwa maji kidogo hadi yakawa mazito, akayapaka kwenye mistari na kusugua kwa mswaki mkuukuu, kona kwa kona, kisha akasuuza. Jumatano akarudia mistari iliyobaki na weusi kwa jiki iliyozimuliwa maji, glovu mikononi, feni inanguruma na mlango umeachwa wazi kabisa. Aliiacha dakika kumi, akasuuza, akakausha ukuta wote kwa taulo. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kufungua bomba. Walioga kwa jirani hadi Ijumaa, Mwita alipokuja kuipaka mistari iliyokauka dawa ya kuziba vitundu.

Jumamosi nyumba ilijaa vigelegele na harufu ya pilau. Mama Kamande alifika amevaa suti ya bluu, mrefu, mkimya, akasalimia kila mtu kwa mkono. Hakukaa hata robo saa akauliza bafu liko wapi.

Akaingia. Leokadia aliendelea kupakua pilau huku jicho liko mlangoni. Zikapita dakika tano, zikapita kumi. Aliyekuwa anapakuliwa akamwambia sahani imejaa. Leokadia aliacha mwiko, akaenda kugonga.

"Ingia, Dada Leokadia," sauti ilisema.

Mama Kamande alikuwa amepiga magoti kwenye kona chini ya bomba la mvua, miwani puani.

"Hebu niambie ukweli," alisema. "Hii grout ya katikati ya tiles ulifanya nini ikakuwa white hivi?"

Miezi minane Leokadia alikuwa akiingoja nafasi kama hiyo. Ilibaki aseme tu kwamba yeye ndivyo alivyo, ni mtu msafi, na jambo lingeishia hapo. Lakini aliutazama uso wa yule mama na hakuona dharau popote. Aliona mtu mwenye shida.

"Mpaka Jumatatu ilikuwa nyeusi tii," alisema. Akamweleza yote: ndoo, mlango, feni, hata siki.

Mama Kamande alivua miwani, akajifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Leokadia alidhani analia. Alikuwa anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwepo.

"Mimi namwaga maji asubuhi na jioni," alisema. "Na yangu imekuwa black mpaka juu. Kamande ananiuliza kila weekend, 'Mum, tutaalika kina Edna lini?' Na nyinyi nawaambia nyumba inatengenezwa. Watu walikuwa wameniambia hakuna mama msafi kama wewe hapa Maryland yote. Nikajiambia, huyu akiona bafu yangu, atakataa kutupatia huyo msichana. Na vile tunampenda."

 Leokadia alipiga magoti naye, palepale kwenye vigae vikavu, wakashikana mikono. Huko sebuleni wanawake walikuwa wanaimba kumwita shangazi aje kufunda.

Mafunzo yalikuwa mafupi. Alimwambia Edna mbele ya wote kwamba kwa miaka miwili alikuwa amefuga ukungu kwa ndoo na mlango uliofungwa, na kabla hajamaliza, Mama Kamande akasimama akasema, "Hata mimi."  Kisha mwanamke mmoja karibu na dirisha akanyoosha mkono, na mwingine, na mwingine, na waliobaki wakaangua kicheko.

Wiki iliyofuata Leokadia na Edna walialikwa Germantown. Mama Kamande aliwafungulia mwenyewe, amevaa glovu za mpira, akawapitisha sebuleni bila kuwaketisha, akawapandisha ngazi moja kwa moja hadi bafuni. Katika maisha yake yote Leokadia hakuwahi kupokelewa kwa heshima kubwa kuliko ile.