Mkate wa Katikati

Juzijuzi mjukuu wa jirani yangu alisimama kwa lango langu na kiondo mkononi. Ndani kulikuwa na unga wa ngano, sukari, na hamira iliyofungwa kwa karatasi.

"Shosho amesema umpikie zile mkate zako laini," akaniambia. "Meno zake zimeisha, na Alhamisi akina mama wa kanisa wanakuja kumuombea."

Nilikipokea kile kiondo, rafiki yangu, kwa mikono miwili. Huyo shosho yake nilikuwa nimemngoja tangu nikiwa msichana wa kuchunga mbuzi.

Mama yangu alikuwa amefanya kazi jikoni kwa mzungu, kule Nanyuki kwenye mashamba ya ngano, na alipotoka huko hakutoka na kitu ila ujuzi wa mkate. Maziwa ya kukandia aliyatoa kwa kibuyu chetu, kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijiti cha moto mpaka kikanuka moshi. Kazi ya kutikisa ilikuwa yangu. Nilitikisa nikiimba, nikatikisa nikisinzia, mpaka nisikie siagi inagonga ndani, pu, pu, kama mtu aliyefungiwa. Siagi ikitolewa, maziwa yaliyobaki, yale machachu ya kukunja uso, ndiyo yaliyoingia kwa unga. Nilipouliza kwa nini asitumie maji, mama alisema, "Unga ni kama bibi arusi. Ukimpa maji peke yake atakuwa mgumu."

Madonge aliyapanga ndani ya sufuria yakigusana mabega, moja katikati na mengine yakilizunguka kama watoto wanaoota moto. Makaa machache chini, makaa mengi juu ya kifuniko. Sisi watoto tulikaa kimya kama tuko kanisani. Mikate ilitoka imeshikana, unaibandua mmoja mmoja, na ukiubonyeza unarudi polepole kama mtu anayeamka. Ule wa katikati ndio uliokuwa laini kuliko yote, kwa sababu haukuguswa na ukingo wa sufuria. Huo ulikuwa wa mgeni. Mtoto hakuugusa.

Sasa, huyu jirani. Alikuwa mke wa mzee wa kanisa, ameolewa kwenye nyumba ya kwanza ya mabati kijijini kwetu, na akajifungua kijana. Kwetu, wanawake wakienda kuona mtoto, kila mmoja huenda na kiondo chake. Mwenye nyumba hutoa kilicho ndani, na kiondo hakirudi kitupu. Utatiliwa hata viazi, hata ndizi. Lakini kukurudishia kile kile ulicholeta? Hilo ni tusi la kutosha mtu kuhama.

Wengine walipeleka unga wa uji na sukari. Mama alipeleka mkate wake. Kesho yake akanituma nichukue kiondo. Mke wa mzee wa kanisa akanikuta mlangoni mwa jikoni, akanitundikia kiondo mgongoni, kizito.

"Ambia mama yako hapa hatukuli mkate ya kibuyu."

Mama alikifungua mbele ya shangazi zangu. Mikate ilikuwa humo, imefunikwa na kitambaa chetu wenyewe. Na katikati palikuwa na shimo. Ule wa mgeni haukuwepo.

Mama hakulia. Alichukua mwiko. "Mtu ananitukana, na wewe unakula tusi yangu njiani!" Niliapa kwa kila kitu ninachokijua, na kila kiapo kiliongezewa mwiko. Tangu siku hiyo hakupikia mtu wa nje mkate. Na mpaka anazeeka, kukiwa na wageni, alikuwa akisema, "Huyo wangu msimpe kiondo abebe." Watu wakicheka. Mimi pia nikicheka, meno yakiniuma.

Kwa hivyo siku mjukuu alipokuja, wazo la kwanza lilikuwa kukirudisha kiondo cha jirani vile kilivyokuja. Nilitafuna wazo hilo siku nzima na lilikuwa tamu. Halafu nikasema, la. Mtu asiye na meno humuumi. Unamlisha.

Niko na oveni ya stima ambayo kijana wangu wa Nyeri aliniletea. Sikuiwasha. Nilitoa sufuria na makaa, nikatikisa kibuyu mwenyewe, nikatumia unga wangu, wake sikuugusa. Nikateremsha kiondo cha mama kutoka msumarini.

Alhamisi, kwa shosho, waliomba, wakaimba, chai ikamiminwa. Mikono yangu ndiyo iliyogawa. Shosho alikula akifumba macho, ufizi ukifanya kazi. Nilingoja ameze tonge la kwanza.

"Mama," nikasema, sauti ya kufika mpaka nje, "hiyo imekandwa na maziwa ya kibuyu. Ni ile mlirudishia mama yangu."

Yeye akaendelea kutafuna.

"Wewe kairitu," akasema, mimi niliye na vitukuu akiniita kasichana, "unafikiri sijui? Nilijua nikiuma ya kwanza. Ni kama ile nilikula."

"Ulikula gani?"

"Ile ya katikati. Nilikula nimesimama nyuma ya mlango, mama mkwe asinione. Yeye ndiye alisema ni chakula ya maskini."

Akina mama wakaangua kicheko. "Ati kumbe shosho ulikuwa mwizi!" Naye akacheka, akanyoosha mkono. "Niongeze."

"Nilipigwa mwiko kwa hiyo mkate."

"Pole," akasema, kama mtu aliyekukanyaga kidole. "Hiyo ni mambo ya kitambo. Niongeze."

Nilifunika kiondo kwa kitambaa, nikafunga fundo, nikasimama. Mkono wake ulibaki hewani. Mke wa pasta alinifuata mpaka nje: "Mama, si usamehe, yeye ni mzee." Nikamwambia asamehe yeye. Mwiko haukuwa kwa mgongo wake.

Nilipitia kwa kaburi la mama, pale tulipong'oa kahawa tukapanda majani ya ng'ombe. Nikasema kwa sauti, "Si mimi, mama. Ni yeye." Majani yalipepea tu. Hapo ndipo utamu uliniishia mdomoni. Niliyetaka asikie hayupo, shangazi zangu wote wamelala, na siku hizi hakuna anayekwenda na kiondo kuona mtoto. Wanatuma kitu kwa simu, na simu hairudi na viazi ndani.

Lakini kiondo cha jirani bado kiko kwangu. Nimekifunika vizuri. Unga uko, sukari iko, hamira nimeitoa, kama alivyoutoa ule wa katikati. Mjukuu wake amekuja kukiulizia nikamrudisha mikono mitupu. Mtoto simpi abebe, atasingiziwa. Shosho aje mwenyewe, na fimbo yake, akifungue mbele yangu.