Mkono Begani

Dada anayepanga programu za mazishi kwenye kompyuta ya saiba yetu mjini Kisii havuti picha kwa ubavu. Huishika kwenye kona, ulimi nje, asije marehemu akazikwa na uso mpana kama sinia. Jana mjane kutoka Kiogoro alileta picha ya mumewe na mke mdogo. “Kata huyu, msichana wangu. Tunazika kesho.” Dada akakata, akaikuza picha ikajaza ukurasa. Yesu! Mkono wa kucha nyekundu ukabaki begani mwa mzee.

“Nikiutoa, mama, bega linaenda nao.”

Mjane akatazama vidole vyake, vyeusi kwa kuchuma chai. “Basi andika hapo chini kwamba mkono huo ni wangu.”

Dada hata hakugeuka. “Maandishi meusi ama ya dhahabu?”