Nilikata sanda ya bibi ili nimalize kitaulo cha shule, akasemwa shangazi

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio Waislamu habari zenu.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na ushei, mjukuu ndiye aliyenifungulia ID humu. Haya ni ya kweli. Ningekuwa natunga, ningetunga yanayonipamba.

Ilikuwa Kengeja, Pemba, miaka michache kabla ya Mapinduzi. Wasichana tulikuwa wachache shuleni, na mwalimu wetu wa kike kutoka Unguja alitufundisha kufuma.

Kila mmoja alipewa fremu ndogo ya mbao yenye misumari juu na chini. Unatanda nyuzi za urefu, halafu unapitisha uzi mwingine juu, chini, juu, chini, unaugandamiza kwa kitana. Kazi ya kwanza ilikuwa kitaulo cha kufutia mikono wageni wakinawa.

Nyumbani tulizoea kusuka ukili wa mikeka, basi nikajiona fundi tayari. Kiburi hicho.

Nikavuta uzi mno, kitaulo kikabana katikati kama kiuno. Nikafumua, uzi ukakatikakatika. Nikaanza tena, nikafumua tena. Donge la uzi likaisha kitaulo kikiwa nusu, na Jumamosi wazazi wanakuja kutazama kazi zetu. Wenzangu wote walishamaliza.

Kwa wasiojua: kwetu wazee huiweka mapema sanda yao, ile nguo nyeupe ya kuzikiwa, ndani ya kasha pamoja na udi na karafuu maiti. Bibi yangu mzaa baba alikuwa nayo. Ufunguo alikuwa nao binti yake, shangazi yangu Bi Riziki, aliyekuwa akimuuguza miguu.

Siku hiyo shangazi akanipa ufunguo nikamletee udi kashani. Nikaikata ile bafta ya sanda dhiraa nzima, nikaikunja kama ilivyokuwa.

Sitasema sikujua ni nini. Nilijua. Nilijiambia bibi mzima huyu, nitarudisha kabla haijahitajika.

Nikachomoa nyuzi moja moja, nikazisokota nne nne, nikamaliza. Mwalimu akanisifu mbele ya watu. Bibi akawa anakitoa kitaulo kila akija mgeni. "Kakifuma mjukuu wangu huyu," anasema, na mimi nainama.

Hata mwaka haukwisha, bibi akafariki.

Waosha wakafungua kasha, sanda haikutosha. Wakapima mara ya pili. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Macho yote yakamwendea mwenye ufunguo.

Shangazi hakujitetea. Alikwenda chumbani kwake akaleta sanda yake mwenyewe, ikakatwa, mama yake akasitiriwa.

Mngedhani yameishia hapo. Jirani mmoja akanong'ona: "Mbona katoa yake mbio hivyo, kama si yeye alokata?"

Neno likatembea. Shangazi alikuwa hodari wa kuosha maiti, lakini tangu siku hiyo hakuitwa tena kwenye msiba wa mtu. Mimi nikanyamaza. Nimenyamaza miaka sitini, wakuu. Hata alipofariki yeye nilikaa na wafiwa, nikapewa pole na nikaipokea. Naona aibu kuandika hivi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa binti yake, naye sasa ni mtu mzima, nikamweleza yote. Nilitaraji atanifukuza. Alinitilia chai, kisha akauliza:

"Sasa nkamwambie nani, dada? Walomsema wote washakufa."

Ndiyo maana nimekuja kuandika hapa.

Nilichojifunza ni hiki tu: kosa lako likimwangukia mwenzio, sema siku ile ile, wakati waliosikia bado wapo.

Karibuni mseme, hata ya kunikera nitayasoma. Na kama humu yumo mtu wa Kengeja aliyewahi kusikia kwao habari za mwanamke aliyeiba sanda ya mama yake, namwomba arudi akawaambie watu wake kuwa Bi Riziki hakuiba kitu. Niliikata mimi.