Magauni ya Kemunto

Nguo iliyovaliwa haikosi harufu ya mwenyewe hata ukiifua mara ngapi. Hubaki na jasho, moshi wa jikoni, mafuta ya kujipaka. Nguo zilizokuwa ndani ya sanduku la bati la magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Kisii, hazikuwa na harufu ya mtu yeyote. Zilinuka vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, na chini ya vidonge hivyo zilinuka duka, kama kitambaa kilichotoka tu kukatwa, ingawa nyingine zilikuwa zimelala humo miaka ishirini na zaidi. Utotoni sikuweza kueleza kwa nini harufu ile ilinisisimua mwili. Nilijua tu kwamba kila sanduku lilipofunguliwa nilitaka kutoka nje nisimame penye jua.

Nilipelekwa kwa magokoro likizo ya Desemba nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Kwetu ni Kiogoro, karibu na mji. Yeye alikaa kilimani, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka soko la Nyamache. Mama alikuwa na mimba ya shida na daktari alikuwa amemkataza hata kuinua sufuria. Baba, aliyekuwa karani wa ofisi moja mjini, hakujua kupika hata uji. Basi nikafungiwa mkoba nikapelekwa juu kule kwenye majani chai na migomba, ambako mvua ilikuja kila alasiri ikapiga mabati mpaka watu wakaacha kuzungumza wakangoja iishe. Magokoro alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani, na wanawake walipanda kilima na vitambaa vyao chini ya kwapa, wakisimama kupimwa huku wakimweleza nguo waliyoiona kwa mke wa mwalimu fulani au mjini Kisii. Alikuwa mkali wa maneno, mwepesi wa kucheka, na Msabato wa kweli. Ijumaa jua likianza kushuka, cherehani ilifunikwa shuka na hakuna aliyeigusa tena mpaka Jumamosi jioni.

Naitwa Kemunto. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyetangulia, na mimi nilipewa la shangazi yangu, dada wa pekee wa baba, aliyemfuata kwa kuzaliwa. Nilijua kwamba aliumwa kichwa siku nne, akafa. Sikujua zaidi kwa sababu baba hakumtaja kamwe. Nilipofika kwa magokoro ndipo nilipoambiwa alikufa akiwa na umri gani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Sidhani mama alilifikiria jambo hilo alipokuwa akinikunjia nguo.

Ijumaa ya pili magokoro alifungua sanduku akatoa gauni la rangi ya ndimu, fupi, lenye kola pana ya duara na mfuko mmoja mbele. Alisema alikuwa akilishona kwa ajili ya Sabato wakati Kemunto alipougua, na alitia kifungo cha mwisho siku ya mazishi. Nilimuuliza hayo mengine yaliyokuwa chini yake ni ya nani. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linatokea wapi.

"Ni yake. Namshonea moja kila mwaka."

"Lakini si alikufa, magokoro?"

"Amelala. Hukufundishwa kanisani? Siku moja wataitwa wote waamke. Sasa wenzake waamke na nguo za siku hizo, yeye aamke na kagauni ka mtoto, wamcheke? Mimi nikiwa fundi?"

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayepanga safari ya wiki ijayo. Hakuamini mizimu, na mtu akileta habari za wachawi barazani pake alimwambia achukue kitambaa chake aende. Alikuwa tu amelipokea somo la kanisa kama lilivyo na kulifikiria mpaka kwenye pindo na vifungo. Kuhusu vipimo, hakuona tatizo. Wasichana wa rika la Kemunto walikuwa wateja wake. Aliwapima walipokuwa na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, ishirini, akakadiria mwanawe angekuwa na kiuno gani, akashona.

Alasiri ile, kabla jua halijashuka, alinisuka. Wakati huo wasichana wote walitaka mistari iliyolala kichwani, au nywele zilizonyooshwa kwa dawa kama za walimu wetu vijana. Magokoro alinisuka kwa uzi mweusi, mtindo wa zamani ambao mimi niliwahi kuuona kwenye picha tu. Alichukua fungu moja baada ya jingine, akalizungushia uzi kutoka kwenye shina mpaka ncha zikasimama ngumu, kisha akazipinda na kuziunganisha juu. Kichwa kilinikaza mpaka macho yakavutika. Kesho yake nilivaa lile gauni la rangi ya ndimu, na lilinikaa sawasawa, mabegani, kifuani, gotini, bila kupunguzwa wala kuongezwa.

Kanisani wasichana walinicheka, nami nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Sikuwa nimejiandaa kwa kimya cha akina mama. Walikuwa wakisalimiana ngazini baada ya ibada, na nilipokaribia, mmoja baada ya mwingine akaacha neno katikati. Kisha akaja Mong'ina Gesare, bibi kizee wa jirani ambaye macho yalikuwa na ukungu na fahamu zilikuwa zikienda na kurudi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaupapasa uzi kichwani mwangu, akatabasamu.

"Kemunto," akasema. "Kichwa kimepona?"

Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima na haya inayomfunga mdogo mbele ya mkubwa. Kumsahihisha mzee mbele ya watu ni kuiaibisha nyumba nzima iliyokulea. Nilifanya nilivyofundishwa. Niliinamisha kichwa, nikasema, "Kimepona, Mong'ina." Nilidhani nimekuwa mtoto mwenye adabu. Nilipogeuka nilimwona magokoro amesimama nyuma yangu, Biblia imemwangukia miguuni, naye hana habari.

Tangu siku hiyo hakuniita mjukuu wake tena. Aliniita mwanangu, na akanikataza kumwita magokoro. Nikitaka kuvaa nguo zangu nilizokuja nazo nilikuta zimelowekwa. Kila baada ya siku tatu aliufungua ule uzi akausuka upya. Tulipokuwa tukimenya ndizi alinisimulia mambo, kila moja likianza na "Unakumbuka". Unakumbuka ulivyoteleza kule mtoni ukachanika goti? Unakumbuka siku kaka yako alipokufungia kwenye banda la mbuzi? Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nilikuwa nikiitikia tu ili yaishe. Kisha, na hili sikumwambia mtu kwa miaka mingi, nikaanza kukumbuka. Niliuona mlango wa banda kwa ndani, jua likipenya katikati ya mbao, nikasikia baba yangu akicheka kwa nje kwa sauti ya mtoto. Usiku nililala nikilipapasa goti langu kutafuta kovu, na niliogopa sana nisije nikalipata.

Wiki ya Krismasi aliniambia kwamba ameshazungumza na mwalimu mkuu wa shule ya pale kilimani na kwamba Januari ningeanza hapo. Hakuniuliza. Alinieleza kama mtu anayemkumbusha mwingine jambo ambalo wote wawili wanalijua. Nilimlilia mama kimyakimya chini ya blanketi. Siku ya soko iliyofuata, alipoteremka Nyamache kununua uzi, nilifungua sanduku mwenyewe. Nilitaka kujua ni kitu gani kilichokuwa kikinisubiri.

Niliyatandaza magauni kwa mpangilio alioupanga yeye, kwanza kitandani, kisha sakafuni, mpaka yakafika mlangoni. Yalikuwa ishirini na mawili, na la ishirini na tatu lilikuwa juu ya cherehani, limebakia pindo. Yalianza mafupi, yakafupika zaidi, halafu ghafla yakashuka mpaka kwenye kifundo cha mguu, yakiwa na maua makubwa ya kahawia na mikono iliyopanuka kama kengele. Kola zilikua hadi mabegani, kisha zikanywea. Viuno vilipanda na kushuka. Yale ya karibuni yalikuwa na mikono iliyofutuka na mabega yaliyotiwa sponji. Na ndani ya mitindo hiyo yote kulikuwa na mwili mmoja uliokuwa ukikua. Kifua kilitokea kwenye gauni la nne. Nyonga zilipanuka. Gauni la miaka ishirini na miwili lilikatwa pana mbele, likiwa na marinda kuanzia chini ya kifua, na sikuelewa mpaka nilipokumbuka kwamba mama alikuwa na la namna hiyo nyumbani. Wasichana wa rika lake walikuwa na mimba mwaka huo. Lililofuata lilikuwa na vifungo mbele, la kunyonyeshea.

Nilivaa lile la miaka kumi na miwili. Lilikuwa refu kidogo tu, kiasi cha mwaka mmoja. Niliyatazama mengine nikayaona yamelala kwa zamu yakinisubiri, na mimba yangu ikiwa tayari imepimwa na kukatwa, na nikaamini kwa moyo wote kwamba nikibaki katika nyumba ile nitayavaa yote, na kwamba Kemunto aliyezaliwa Kiogoro hatajulikana alikoenda.

Baba alikuja Jumapili. Mama alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kiume, naye baba alikuwa amekuja kunichukua. Nilikuwa barazani nimemshikia magokoro kitambaa, nimevaa gauni la rangi ya ndimu, uzi umesimama kichwani. Alifika kwenye lango akaniona, na hakuingia. Mfuko wa sukari aliouleta ulimponyoka ukapasuka kwenye majani yenye umande. Alisema jina langu, lakini hakuwa akiniita mimi.

"Mama," akasema, "umefanya nini?"

"Sikufanya kitu. Amepona. Amesema mwenyewe mbele ya kanisa. Muulize."

Nilimngoja baba akasirike. Alikuwa mtu mzima mwenye tai na kalamu mfukoni. Badala yake alikuja polepole akachuchumaa mbele yangu, uso wake ukawa sawa na wangu, akaniuliza kwa Kikisii, kwa sauti ndogo, "Kimepona?" Nikaona kwamba hakuwa akinijaribu. Alitaka kusikia. Wote wawili walikuwa wakinitazama kwa njaa ileile, na neno moja la adabu lingewashibisha, nami nisingerudi kwa mama.

"Mimi kichwa hakijawahi kuniuma," nikasema. "Yule hakupona. Alikufa."

Baba alijifunika uso. Magokoro hakupiga kelele. Alivuta kigoda, akanikalisha katikati ya magoti yake, akaufungua uzi fungu moja baada ya jingine, akiukunja kidoleni, na hakunivuta hata unywele mmoja. Alipomaliza alinisindikiza mpaka langoni, akaniita mjukuu wake, akanitakia safari njema. Baada ya hapo nilimtembelea kila likizo, na ilikuwa kana kwamba Desemba ile haikuwahi kuwapo. Nilimpenda, na hilo nalisema wazi, kwa sababu huenda habari hii imemfanya aonekane wa kutisha.

Sasa nina zaidi ya miaka arobaini na tano, nakaa mjini Kisii, na kila nikitoka nakutana na lile sanduku. Magauni marefu ya maua makubwa yamerudi. Mikono iliyofutuka imerudi, kola pana zimerudi, na saluni zinasuka nywele kwa uzi mweusi kwa kufuata picha za kwenye simu, halafu wasichana wananieleza kwamba ni mtindo mpya. Nawaacha. Magokoro alipofariki, miaka kumi na mitano iliyopita, nilipewa sanduku kwa sababu ya jina, nikaliweka juu ya kabati nikalisahau kwa makusudi. Mwaka jana binti yangu Bosibori, aliyepewa jina la upande wa mume wangu, alirudi kutoka chuoni akaliteremsha bila ruhusa. Hakusisimka hata kidogo. Magauni ya utu uzima yalimkaa kama yaliyopimwa kwake. Nilikuwa nimeishi miaka yote hii nikidhani yaliniwinda mimi, kumbe yangemkaa msichana yeyote wa umri huo. Amekwenda nayo harusini, kanisani, mtandaoni, na watu wanamwuliza fundi wake ni nani.

"Mathe, hizi ndizo ziko juu saa hii," aliniambia, akiwa amevaa la ishirini na tatu, lile la mabega ya sponji. "Lakini hii ndiyo ya mwisho. Kwani hakushona zingine?"

Nilimwambia macho ya magokoro yalikuwa yameharibika. Si kweli. Macho yake yalikuwa mazima, na aliwashonea watu magauni ya harusi na sare za kwaya kwa zaidi ya miaka kumi na mitano baada ya Desemba ile. Ni Kemunto peke yake aliyekoma kushonewa, akiwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, ameshapata gauni la mimba na la kunyonyeshea, siku niliyomwambia mama yake kwamba alikufa.